Saa hazifi kwa sababu ya simu, zinakufa kwa kukosa spea

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu iliyosema fundi saa ni kazi iliyokwisha kwa kuwa siku hizi kila mtu anaangalia saa kwenye simu, nimeirudia mara mbili nikaona kukaa kimya siwezi. Mi ni fundi saa, nimekaa kwenye hii meza miaka mingi na lenzi jichoni, na naomba nafasi niseme kinachoiua hii kazi maana si simu. Ingekuwa simu basi nisingekuwa na droo nzima ya saa za wateja zinazosubiri, na zote zinasubiri kitu kimoja tu, spea.

Mwandishi wenu kuna sehemu yuko sahihi, kwamba kazi iliwahi kupigwa vibaya. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko walitoa Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi, yani ya betri, kuingia sokoni, na ndani ya miaka kama 15 viwanda vya saa vya Uswisi vikashuka kutoka wafanyakazi karibu 90,000 mpaka kwenye 30,000 na kitu. Kile kipande cha kwatsi kwenye saa nyingi za leo kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde, kwa usahihi saa ya kamani, ile inayoendeshwa na springi, haikiwezi hata ufanye nini. Lakini hayo ni ya miaka 50 iliyopita na saa za kamani zinatengenezwa mpaka leo, watu wanazinunua, wanazirithi, na hizo za kwatsi nazo zinaharibika zinaletwa kwetu. Simu imekuja imetukuta tupo.

Sasa ngoja nieleze tatizo lilivyo mezani kwangu.

Dada mmoja aliniletea saa ya marehemu baba yake, ya kamani, imeanguka sakafuni ikasimama. Nikafungua mfuniko wa nyuma, nikatoa balansi, lile gurudumu dogo linalocheza kwenda na kurudi, nikaiweka chini ya lenzi nikaona ncha moja ya mhimili wake imekatika. Hiyo ncha unene wake haufiki sehemu moja ya kumi ya milimita, ukiishika kwa kibano hata huhisi kama umeshika kitu, na ndo inabeba mzigo wote, maana saa kama ile inapiga mara 18,000 kwa saa moja, yani mara 5 kila sekunde, kwa siku moja ni mapigo 432,000 na kwa mwaka yanapita milioni 157. Vingine vyote vilikuwa vizima. Kamani nzima, meno ya magurudumu mazima, vito, vile vijiwe vinavyobeba ncha, havina ufa. Ncha moja tu.

Nikaiandikia kampuni iliyoitengeneza nikaomba kununua huo mhimili. Wakajibu spea haziuzwi nje ya vituo vyao, mteja atume saa nzima. Dada akawauliza mwenyewe, akaambiwa sawa ilete, ila uso wa saa na mishale vitawekwa vipya na vile vya zamani harudishiwi. Sasa ule uso wa saa una doa karibu na namba 4, doa analolijua tangu mdogo, alikuwa anakaa pajani kwa baba yake anajifunza kusoma saa kwenye mkono wake. Akaniangalia akasema, "Fundi, wakishabadilisha hivyo vyote, watanirudishia saa ya nani?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Kilichoiokoa ile saa ni mafundi wenzangu. Kuna mmoja sijawahi kuonana naye uso kwa uso, tunajuana kwa kazi tu, nilimwandikia namba ya mashine ya ndani ya saa, ile iliyogongwa chini ya balansi, akanijibu nisubiri aangalie kwenye makopo yake. Baada ya wiki tatu ikaja bahasha, ndani yake kichupa kidogo cha glasi, ndani ya kichupa mhimili mmoja, na kikaratasi kimekuwa cha njano kina namba ile ile kwa mwandiko wa kalamu ya wino. Alikuwa nayo miwili akanipa mmoja, na nilipomuuliza nimtumie kiasi gani akaniambia siku akikwama yeye nitafute kwenye droo zangu. Hiyo ndo jamii ya mafundi saa Mhariri, wala haijafa.

Nilipokuwa nafunga ile saa nikaangalia ndani ya mfuniko. Mafundi wa zamani walikuwa wakimaliza kazi wanakwangua alama humo ndani, herufi za jina, tarehe, au namba ya daftari lao, vidogo sana bila lenzi huvioni. Hii ilikuwa na alama tatu, ya kwanza 1963 na ya mwisho 1988, mikono mitatu tofauti. Leo tunaambiana tusikwangue, tuandike kwenye daftari, na mi nakubali kwasababu chuma ni cha mteja. Lakini nilizisoma taratibu zote tatu. Kila mmoja kati ya hao alipohitaji spea aliipata, alienda kwa muuzaji wa vifaa akataja namba ya mashine akapewa, ndo maana saa ilifika mezani kwangu ikiwa hai.

Huu mlango umefungwa kidogokidogo na mafundi walijaribu kuuzuia. Mwaka 2004 shirikisho la vyama vya mafundi saa la Ulaya, CEAHR, lilipeleka malalamiko Tume ya Ulaya kwamba watengenezaji wanakataa kuwauzia spea mafundi wa kujitegemea. Tume ikayatupa 2008. Mafundi wakaenda mahakamani na mwaka 2010 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaufuta ule uamuzi, ikaonekana kuna matumaini, Tume ikachunguza tena na 2014 ikayatupa mara ya pili, wakarudi tena mahakamani na Oktoba 2017 wakashindwa. Miaka 13! Hoja iliyoshinda kwa ufupi ni kwamba kampuni ina haki ya kuchagua nani atengeneze saa zake ili kulinda ubora na kuzuia vifaa feki, na fundi anayetaka spea aombe kuingia kwenye mtandao wa kampuni.

Hiyo hoja ya ubora siidharau, nimeona mambo. Nimeona saa imefunguliwa kwa kisu cha jikoni mpaka ukingo umechanika, nimeona gundi kwenye uso wa saa, nimeona saa za kuzuia maji zimebadilishwa betri na ule mpira wa ndani haukuguswa, mwenye saa akaenda kuogelea akarudi na ukungu kwenye kioo. Kwenye saa za kwatsi ndo usiseme, kuna koili pale pembeni ya betri imezungushwa waya mwembamba kuliko unywele, bisibisi ikiteleza mara moja waya umekatika saa imekufa, na mtu anayebadilisha betri kwa haraka bila lenzi hata hajui kama ameua. Kwahiyo kampuni zikisema si kila mtu aguse saa zao nakubaliana nazo kabisa.

Lakini basi pimeni watu! Kipimo kipo. Uingereza mafundi wana taasisi yao, British Horological Institute, tangu 1858, inafundisha na kutahini. Marekani ipo American Watchmakers-Clockmakers Institute inayotoa cheti cha CW21 na mtihani wake si wa kukaa na kalamu tu, unatengeneza saa kwa mikono. Neuchâtel kule Uswisi ipo WOSTEP tangu 1966, wamefundisha mafundi wa nchi nyingi. Mtu amepita huko, ana mashine ya kupima mapigo, ana mashine ya kupima kama saa inaingiza maji, meza safi, alafu bado anaambiwa mhimili wa balansi hauuzwi kwako. Hapo ubora unahusika vipi, naomba mtu yeyote anieleze. Na Desemba 2020 UNESCO iliingiza ufundi wa saa za kimakanika wa Uswisi na Ufaransa kwenye orodha ya urithi wa utamaduni, nilifurahi kwakweli, ila ufundi unakaa kwenye mikono inayofanya kazi na mikono bila spea haifanyi kazi.

Mtu atasema kereza mwenyewe. Saa za ukutani na za mezani afadhali, tundu likitanuka unatia bushi ya shaba, hata gurudumu unaweza kulichonga upya, kuna nafasi ya kushika kitu. Mhimili wa saa ya mkononi nao unakerezeka, mi nimekereza, lakini ni siku nzima au mbili kwa kitu kidogo kuliko punje ya mchele, chuma ukikipa moto ukapitiliza kinavunjika ukianza kupolishi ncha, unaanza upya, na sio kila mteja anaweza kulipa siku mbili za fundi. Koili je? Saketi ya kwatsi je? Hizo hazikerezwi.

Na sisi mafundi tuna kosa letu, nalisema kwa uchungu kwasababu nimehusika. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na makabati mawili ya droo ndogondogo, kila droo ina mihimili, kamani, funguo, vioo, mishale, amekusanya zaidi ya miaka 40 na zimepangwa kwa namba za mashine ambazo nyingi viwanda vyake vilishafungwa. Hakuwahi kuandika orodha, yote yalikuwa kichwani. Alipofariki nilikuwa mbali, nikafika siku ya nne, nikakuta watoto wake wameshauza kila kitu kwa mtu wa vyuma chakavu, kwa kilo. Siwalaumu wale watoto, wao waliona kutu na vichupa, hakuna aliyewaambia kwamba kilo moja ya vile vitu ni uhai wa mamia ya saa. Mi ndo nilitakiwa kuwaambia, tena mapema, mzee akiwa hai, tukae wawili na daftari droo kwa droo. Nilikuwa naahirisha.

Kwa wanaorithi makabati kama hayo, angalizo moja. Mishale na nyuso za saa za zamani zenye rangi ile ya kung'aa gizani, hasa za kabla ya miaka ya 1960, nyingi zina radiamu, madini yenye mionzi ya hatari. Hata kama hazing'ai tena radiamu bado ipo palepale, inachukua kama miaka 1,600 kupungua nusu. Msizikwangue, msipulize vumbi lake, wekeni kwenye kopo lenye mfuniko mbali na watoto na mwiteni fundi anayejua.

Ninachoomba kwenu Mhariri ni hiki. Mkiandika tena habari za saa waulizeni watengenezaji swali moja waziwazi, fundi aliyefaulu mtihani unaotambulika kwanini haruhusiwi kununua mhimili, na mtuchapishie jibu lao kama lilivyo. Na mtupe kona hata ndogo mara moja kwa mwezi, mafundi waweke namba za mashine wanazotafutia spea na wale wenye makabati waseme wana nini, familia za mafundi waliofariki nazo zijue pa kuuliza kabla ya kuita mtu wa chuma.

Nianze mimi. Nina saa 11 kwenye droo ya juu, kila moja kwenye bahasha yake. Nne zinahitaji mhimili wa balansi, tatu koili, mbili kamani, moja haina mshale wa dakika, na moja ni kioo tu, cha mstatili wenye kona zilizokatwa, nimekitafuta miaka miwili. Orodha kamili ya namba za mashine nimeiambatanisha na barua hii, mkipata nafasi itoeni.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi saa