Barua ya wazi kwa vijana wa Bongo Fleva: someni kabla hamjasaini

Wanangu,

Nilitaka barua hii iwe ya pongezi, maana sauti nzuri ninazisikia kila siku, kutoka Mbagala mpaka Tanga na Mwanza. Lakini nina hasira, na afadhali niitoe kuliko kuimeza.

Yupo binti mmoja, jina lake silitaji. Wimbo wake mnaujua nyote. Umepigwa kwenye daladala, kwenye kicheni pati, kila mahali. Maneno ni yake, na melodi aliitunga mwenyewe akiwa kwao. Juzi jirani alimwomba aimbe kwenye harusi. Lebo yake, yaani kampuni inayosimamia muziki wake, ikampigia simu: hana ruhusa ya kuuimba bila kibali, na hela ya shoo ipitie ofisini kwanza. Nikamwomba mkataba niusome. Kurasa 18 za Kiingereza, muda wa miaka 10. Aliusaini usiku wa manane studio, baada ya kurekodi, akiwa na njaa, na shahidi wake alikuwa mdogo wa meneja. Chaneli ya YouTube ni mali ya lebo na nywila hana. Nguo za kwenye video, gari la kukodi, hata picha za bango, vyote vimeandikwa kuwa deni lake, na hapati mirabaha, yaani mgao wake wa mapato ya wimbo, mpaka deni liishe. Hesabu ya deni hilo hajawahi kuoneshwa.

Mtu akinunua kiwanja anaita majirani, anamwita mwenyekiti wa mtaa, kila upande unaleta mashahidi wake. Wimbo utakaokulisha wewe na wanao unausaini peke yako, usiku, kwa sababu umeahidiwa video! Nani kawafundisha haraka hii?

Sikilizeni vizuri. Ndani ya wimbo mmoja kuna mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na melodi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaulinda utunzi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Wajukuu wako wanaweza kula kwa wimbo uliouandika ukiwa na miaka 20. Mali ya pili ni ile rekodi mnayoiita masta. Lebo iliyolipia studio inaweza kuidai, na hapo mna la kujadiliana. Lakini utunzi unawapa kwa lipi? Na prodyuza akikwambia biti, yaani mdundo aliokutengenezea, ni ya bure, mshukuru, kisha muandikishane siku hiyohiyo nani ana asilimia ngapi. Urafiki wa studio huisha wimbo ukianza kuingiza pesa.

Msanii Harmonize alisema mwenyewe hadharani kwamba kujitoa kwenye lebo iliyomlea kulimgharimu shilingi milioni 500, na kwamba aliuza nyumba ili azipate. Yeye alikuwa na nyumba za kuuza. Wewe uliyepanga chumba kimoja utauza nini? Ndiyo maana nawasihi muulize habari za kutoka siku mnayoingia: mkataba unavunjwaje, kwa gharama gani, na nyimbo zinabaki kwa nani. Meneja akikasirika kwa swali hilo, amekujibu.

Siwalaumu ninyi peke yenu. Sheria ya Mikataba haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kujifunga kwa mkataba, lakini watoto wa sekondari wanasainishwa na wakubwa wenye akili zao timamu. Wazazi nao wamesema muziki ni uhuni, wakasusa. Basi siku ya kusaini mtoto hana mtu wa kukaa naye, na jina likishavuma ndio wanatafuta kiti cha mbele. Wapo watangazaji wanaodai bahasha ndipo wapige wimbo wa chipukizi. Nao viongozi wanaowapandisha jukwaani wakati wa kampeni, baada ya uchaguzi simu hawapokei. Aibu hii ni yetu sisi watu wazima.

Mengine nayataja tu. Jisajilini BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa; kazi zenu zisajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Jifunzeni ala moja, hata kwa gitaa la kuazima. Acheni kiki za mapenzi ya uongo. Walipeni madansa wenu siku ileile ya shoo. Msipande jukwaani mmelewa.

Nawapenda, ndiyo maana nimefoka. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, alitoka kijijini Fumba, akizunguka na vyungu mjini Zanzibar na kuwaita wateja kwa sauti yake. Mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi kwa Kiswahili. Mnapopita leo, yeye alipita wakati mtoto wa maskini hakutegemewa hata kusikilizwa. Sauti mnayo. Msikubali mtu aichukue kwa sahani ya chipsi.

Aliye na mkataba mezani wiki hii, asitoe jibu leo. Ombeni nakala mwende nayo nyumbani. Mtafuteni mwanasheria, na kama hela hamna, yapo mashirika yanayotoa msaada wa kisheria bure. Nendeni na mzazi, shangazi, au mwalimu. Kila kipengele msichokielewa kitafsiriwe kwa Kiswahili, kwa maandishi, ndipo mshike kalamu.

Mimi mzee wenu,
Dar es Salaam