Barua kwa Mwanaidi: Cheti Bila Posho

Chumbageni, Tanga

Kwako shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na mumeo na watoto, na kwamba baridi ya huko Tacoma, Marekani, imeanza kulegea. Ama sisi huku hatujambo. Mama Fatma anakusalimu, Bi Rehema anakusalimu na kukukumbusha ile ahadi yako, na Mzee Kombo ni yule yule, kila siku barazani anamaliza mambo ya dunia kabla ya adhuhuri. Kimya changu kimekuwa kirefu, na huenda kingeendelea kama lisingezuka jambo la posho, ambalo limeninyima usingizi na ambalo wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumuuliza.

Tangu uliponieleza kwamba umejiandikisha kusomea ukulima wa bustani wa kujitolea, ule mpango wenye cheo cha Master Gardener, nimekuwa nikiisimulia habari hiyo kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza, hadi ikamfikia mwenyekiti wa mtaa, naye akaipenda. Tumepewa kile kiwanja cha nyuma ya shule kilichokuwa kikitupwa taka, na afisa ugani wa kata amekubali kutufundisha siku za Jumamosi bila kudai chochote. Siku ya kwanza watu walikuja wengi kuliko viti. Afisa wa watu hajamaliza hata kujitambulisha, mkono ukanyooshwa: posho ya kikao ni kiasi gani? Alipojibu kwamba hakuna, likafuata swali la nauli. Alipojibu kwamba hata nauli hakuna, viti vingi vilibaki wazi kabla chai haijamiminwa, na chai yenyewe niliipika mimi kwa sukari yangu.

Siwalaumu sana. Unakumbuka mwenyewe jinsi miradi ilivyokuwa ikija hapa: watu wanaitwa ukumbini, wanatia saini, wanapewa soda na bahasha, kisha mradi unaondoka na gari lake. Mtu aliyelelewa hivyo ataonaje ajabu kuuliza bahasha yake iko wapi? Lakini kutowalaumu hakunisaidii kulima kile kiwanja.

Ndiyo maana nimeyasoma upya makaratasi uliyonitumia, safari hii nikitafuta jambo moja tu: wenzetu hao waliwezaje. Nimeona kwamba jambo lenyewe lilianzia huko huko uliko. Maafisa ugani wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, David Gibby na Bill Scheer, walikuwa wamezidiwa na maswali ya watu wa mjini kuhusu miti yao na maua yao, wakaweka meza ya ushauri katika jengo la maduka hapo Tacoma mwaka 1972 ili kujaribu, na mafunzo rasmi yakaanza mwaka 1973. Makubaliano yalikuwa mepesi kueleweka: chuo kinakupa elimu, nawe unairudisha kwa saa zako za kuwahudumia wengine. Hali hiyo ndiyo yetu kabisa, kwa sababu afisa wetu ni mmoja kwa kata nzima, na huyo huyo anaulizwa habari za minazi, za mbuzi, za kuku na za mchicha. Lakini nilipowasomea kwamba huko kwenu mwanafunzi hulipa ada ili afundishwe kujitolea, Mzee Kombo alicheka hadi kofia ikamdondoka. Akasema Wamarekani wamepata dawa ya posho: mgeuzie mtu mkono, umdai wewe kwanza.

Waliobaki, wengi wao wanawake pamoja na vijana wachache, wananipa moyo. Laiti ungemwona yule afisa akifundisha. Somo lake kubwa ni kwamba mtu asitaje dawa kabla hajaangalia mmea. Mama mmoja alikuwa ameuziwa dukani dawa ya wadudu kwa sababu majani ya mimea yake yalikuwa ya manjano, wala hakuna aliyemuuliza ni majani yapi. Afisa alimwuliza. Yakianza kuwa manjano majani ya chini, yale makuukuu, fikiria kwanza upungufu wa naitrojeni, kwa kuwa mmea huiondoa huko na kuipeleka kwenye machipukizi. Yakiwa manjano majani machanga huku mishipa yake ikibaki kijani, fikiria chuma, ambacho mmea hauwezi kukihamisha vivyo hivyo, na ambacho katika udongo wenye chokaa nyingi hukwama ardhini hata kikiwapo cha kutosha. Ya yule mama yalikuwa machanga, na nyumba yake iko karibu na ufuko, juu ya mawe ya matumbawe. Fedha yake iliua wadudu wasiokuwa na hatia.

Jumamosi iliyofuata ukaletwa mche wa nyanya ulionyauka ghafla ilhali majani yangali ya kijani. Afisa alilikata shina karibu na mzizi, akalining'iniza ndani ya glasi ya maji safi, akatuambia tusubiri. Baada ya dakika chache ukaanza kushuka uzi mweupe wa ute, na watu wakasogea wote kwa pamoja. Huo ndio mnyauko bakteria, akasema, na hakuna dawa ya kunyunyiza itakayouponya; ng'oa mmea, uteketeze, na mahali hapo usirudishe nyanya wala biringanya wala pilipili kwa misimu kadhaa, bali panda mahindi. Siku hiyo sikusikia neno posho. Nililisikia tena wiki moja baadaye.

Nalo lilikuja kwa mlango ambao sikuutazamia. Amejitokeza mfadhili, ambaye jina lake sitaliandika hapa, aliye tayari kulipa posho kwa kila mwanafunzi kwa muda wa miezi michache, mradi bango lake lisimame kwenye kiwanja. Kamati imegawanyika. Mama Fatma anasema tupokee, kwani mwanamke anayeacha genge lake la mboga Jumamosi nzima anapoteza mauzo, na kujitolea ni rahisi kwa mwenye pensheni. Maneno hayo yalinichoma kwa sababu mwenye pensheni ni mimi, na kwa sababu ni ya kweli. Hata hivyo, bado naona kwamba posho ikiisha, bustani nayo itaisha, na watakaokuwa wamekuja kwa ajili ya ile glasi watakuwa wamefundishwa na sisi wenyewe kuja kwa ajili ya bahasha. Nimependekeza tumwombe mfadhili atupe tanki la maji, majembe na toroli badala ya fedha, na masomo yahamie jioni ambapo genge limekwisha kufungwa. Bado hajajibu, na kamati nayo inaningoja mimi nilete hoja yenye nguvu zaidi ya hiyo.

Kisha kuna suala la cheti. Huku cheti hutundikwa ukutani au huambatishwa kwenye barua ya kuomba kazi, na kikishatolewa kimetolewa. Chenu nimeona kwamba hufa kisipohuishwa kila mwaka kwa saa za kuhudumu na za kuendelea kusoma, tena mwenye nacho haruhusiwi kukitumia kujitangazia biashara. Kanuni hiyo naipenda, lakini yupo kijana mmoja anayeuza miche kando ya barabara, aliyeuliza kama ataruhusiwa kuandika cheo cha cheti chetu kwenye kibao chake. Afisa alimjibu kwamba hapana. Hajaacha kuja, ila hasemi tena. Mimi naona miche auze, maana ndiyo riziki yake. Kisichouzwa ni ule ushauri anaoutoa kwa jina la kundi. Sijui kama mpaka huo unaweza kulindwa mtu akiwa na njaa.

Masomo yenu yenyewe hatuwezi kuyachukua yalivyo. Huko mvua nyingi huosha chokaa na kuacha udongo wenye tindikali, hivyo wakulima wa bustani huongeza chokaa; sisi tukiongeza chokaa hapa tutakuwa tunapeleka maji baharini. Udongo wetu tutaupeleka kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano, kule Muheza, ukapimwe. Tutauchota sehemu mbalimbali kwa kina cha sentimita 20 na kuuchanganya katika ndoo safi, isipokuwa upande wa ukutani, ambao tutaupima peke yake kwa kuwa tuliokota betri kuukuu na nimekataa mboga za majani zipandwe hapo kwa sasa. Ninachohitaji kutoka kwako ni namna ya kuliendesha kundi.

Basi nakuomba unijibu mapema, kwa sababu masika yanakaribia na kikao cha kamati kimepangwa kabla ya mvua. Je, ile ahadi ya kuhudumu mliitia saini kwa maandishi, na waweza kunitumia nakala? Saa zenu huandikwa na nani, na nani huzihakiki? Asiyetimiza hufanywa nini: hufukuzwa, au huachwa tu hadi cheti kife chenyewe? Katika darasa lenu wamo watu wa kipato kidogo, au wote ni wastaafu kama mimi? Wapo waliosamehewa ada? Na wewe mwenyewe, shoga yangu, ambaye hapa ulikuwa ukikwepa hata kumwagilia asumini ya mama yako, ni nini hasa kinachokutoa nyumbani siku ya darasa? Nijibu hilo la mwisho kwa urefu, kwani ndilo nitakalowasomea kamati.

Wasalaam,
Shoga yako,
Mama Salim