Ukingo wa barabara uondolewe pale tu panapostahili

Mhariri,

Mitaa ya pamoja, ile isiyo na ukingo ulioinuka kati ya barabara na njia ya miguu, inasifiwa sana na wapangaji miji. Sifa hizo ni halali mahali magari yalipo machache. Kabla ya kuchora chochote, wahesabu magari katika saa yenye pilika nyingi. Yakizidi 100 hivi, watu huanza kutembea wakibana ukutani na katikati hubaki barabara ileile, sasa bila kinga. Mtaa unaotumiwa kama njia ya mkato ufungwe kwanza mwisho wake mmoja. Wenye njia ya mabasi uachwe na ukingo wake.

Anayeumia mapema ni asiyeona. Fimbo nyeupe huutafuta ukingo, na mbwa mwongozaji hufunzwa kusimama hapo. Maafikiano ya kuacha kijiukingo cha milimita 20 au 30 ni mabaya pande zote: fimbo hukikosa, kiti cha magurudumu hukwama. Ama ubaki ukingo wa milimita 60 au zaidi, wenye miteremko ya kuvukia, ama uwekwe ukanda wa vigae vyenye matuta, upana wa sentimita 80, rangi tofauti kabisa na sakafu. Nyuma yake, upande wa kuta, ziachwe mita 2 tupu. Meza na pikipiki zisiingie. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza iliziomba halmashauri zisitishe miradi ya mitaa ya usawa mmoja, isiyo na ukingo, hoja kubwa ikiwa hiihii ya wasioona.

Halafu maji. Barabara ya kawaida ina mgongo katikati na maji hukimbilia ukingoni. Ukiuondoa ukingo na kuuacha mgongo, mvua itaingia milangoni. Mteremko ugeuzwe: asilimia 2 kutoka kwenye kuta hadi mfereji mpana usio na kina katikati ya mtaa. Matundu ya vifuniko vyake yakae kukingama na mwendo, la sivyo gurudumu la baiskeli litazama.

Ukingo pia hushika matofali yasitawanyike. Badala yake umwagwe mkanda wa zege uliofichwa usawa wa sakafu. Matofali yawe ya unene wa milimita 80, kwani yale ya 60 ni ya waenda kwa miguu, na yapangwe kwa kupishana kama mfupa wa samaki, kila moja likikingama na jirani yake, ili breki zisiyasukume. Mchanga wa chini usizidi milimita 40. Mafundi hupenda kuuongeza kuficha msingi uliokaa vibaya, na baada ya muda magurudumu huchimba mifereji.

Kibao cha kilomita 20 kwa saa hakimpunguzi dereva mwendo akiona mtaa umenyooka. Maegesho yahamishwe upande huu na ule ili njia ipinde, na nguzo fupi ziachane mita 1.5: kiti cha magurudumu kinapita, gari halipiti. Ibaki njia ya mita 3.5 kwa gari la zimamoto, na lipitishwe gari lenyewe kuijaribu kabla miti haijapandwa.

Mhandisi wa barabara