Barua ya malalamiko: Kifurushi cha kitambaa cha tisheti kwa wanaoanza kushona

Kondele,
Kisumu.

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bi,

KUH: KITAMBAA KISICHOLINGANA NA LEBO, NA SINDANO ZISIZOFAA

Mwezi uliopita niliwalipa Sh2,850 kwa M-Pesa. Mlinitumia mita 3 za kitambaa cha kuvutika, vibiringo viwili vya uzi na pakiti ya sindano tano. Mzigo ulifika Kisumu siku ya pili, na kwa hilo nawashukuru.

Lebo inasema pamba asilimia 95, spandeksi (nyuzi za kuvutika kama mpira) asilimia 5. Pamba ndiyo iliyonifanya nilipe. Nilitaka kumshonea mwanangu fulana za kushindia, na jua la huku mnalisikia redioni tu. Kwa kuwa pamba hupungua ikiguswa na maji, nilikiosha kitambaa kabla ya kukata. Hakikupungua hata upana wa ukucha. Nilifurahi sana, mjinga mimi.

Kisha nikakipima. Nilishika sentimita 10 juu ya rula, nikavuta kwa upana mpaka 15. Kilivutika bila taabu, lakini nilipokiachia kilibaki karibu na 12. Shingo ya fulana ya kitambaa kama hicho italegea kabla mtoto hajaivaa mara ya tatu. Nilimpelekea fundi jirani yangu, mzee aliyeshona tangu sijazaliwa. Hakusema kitu. Alichomoa uzi mmoja, akauwasha kwa kiberiti. Ukajikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge cheusi kigumu. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. "Mama," akaniambia, "hii ni poliesta. Pamba imeandikwa tu."

Sasa sindano. Mshono wangu wa kwanza uliruka hapa na pale, na kando yake vikatokea vitundu ambavyo vilizidi kupanuka kila nilipovuta. Nilidhani mkono wangu ndio mbovu. Nilipiga simu kwenu, na kijana aliyepokea akanishauri nianze na kitenge kwanza, nikizoea ndipo nije kwenye tisheti. Kitenge hakivutiki, ndugu zangu! Ningeshona vitenge mwaka mzima bila kujua kwamba sindano zenu ni za ncha kali, za vitambaa vya kawaida. Kitambaa cha tisheti kimefumwa kwa vitanzi. Kinahitaji sindano yenye ncha ya mviringo, inayosukuma vitanzi kando na kupita katikati. Ncha kali hukata kitanzi, na kitanzi kikishakatika hufumuka.

Sikutaka kuwasingizia. Nilinunua tisheti kuukuu ya mtumba pale soko la Kibuye, nikaikata vipande viwili. Kimoja nilikishona kwa sindano yenu, cha pili kwa sindano ya ncha ya mviringo niliyojinunulia mjini. Cherehani ni ile ile, uzi ule ule, mshono wa zigizaga ule ule, mikono hii hii. Cha kwanza kina vitundu saba. Cha pili hakina hata kimoja.

Kosa langu nalikubali: upindo wa chini niliuvuta wakati wa kushona badala ya kuuacha uende wenyewe, ukatoka na mawimbi kama ya ziwa. Hilo siwadai. Karatasi yenu ya maelezo, hata hivyo, ingeweza kulitaja, badala ya kujaza nusu ukurasa kwa picha za nguo zilizokwisha kushonwa.

Naomba mnirudishie Sh2,850 kwa nambari ile ile niliyolipia, ndani ya siku 14. Kitambaa kilichobaki, mita mbili na ushee, nitakirudisha mkilipa nauli ya mzigo. Naomba pia mtoe neno "pamba" kwenye lebo hiyo, au mtie pamba kwenye kitambaa. Vipande viwili vya tisheti, sindano zenu nne zilizobaki na kile kidonge cheusi nimevihifadhi kwenye bahasha. Mkitaka picha, nitawatumia leo hii.

Wenu,
Mteja wa Kondele