Mume wangu anaingia soba Jumatatu, lakini mimi naogopa siku ya kutoka

Shikamoo anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tandika, Dar es Salaam, nauza supu na chapati asubuhi. Mume wangu ni fundi rangi za magari. Amekula unga, yaani heroini, miaka 9. Jumatatu ijayo, Mungu akipenda, anaingia soba, yaani nyumba ya kusaidia watu waache dawa za kulevya, iliyo njia ya Bagamoyo, na atakaa miezi 4. Safari hii kaomba mwenyewe. Hakuna aliyemkamata wala kumdanganya kwamba anapelekwa shamba. Alinikuta jikoni saa 10 alfajiri nasukuma chapati, akakaa juu ya ndoo, akasema, "Mama Nasri, nimechoka. Nitafutie soba."

Nyumba nimeshakwenda kuiona. Nieleze kwanza nilichoambiwa, ili waliopitia wanisahihishe.

Siku ya kuingia mtu anapekuliwa. Kijana wa mlangoni, naye alikuwa teja na sasa ana miaka 6 hajagusa, alikuwa anapekua begi la mgeni aliyefika siku hiyohiyo. Aliibonyeza dawa ya meno, akapapasa pindo za mto, akachomoa soli za ndani za viatu. Manukato yakabaki nje kwa kuwa yana spiriti. Simu na pesa vinakaa ofisini. Machozi yalinitoka pale, maana nilikumbuka vijiko vyangu vya chai. Vilikuwa vinapungua, nami nawagombeza watoto. Siku niliyosogeza kabati nikavikuta vinne, vimeungua chini, vyeusi tii, kumbe alikuwa anachemshia unga.

Anapimwa pia virusi vya UKIMWI, kifua kikuu na homa ya ini. Hilo nimelipenda, kwa sababu kuna kipindi alijidunga.

Kisha inakuja arosto, yale maumivu ya mwili unapokosa unga. Hiyo sihitaji kuelezwa. Mwaka jana alijaribu kuacha nyumbani. Haikufika hata siku nzima akaanza miayo isiyokwisha, machozi na makamasi kama mwenye mafua, malaika wamemsimama na huku jasho linamtoka. Usiku miguu inarusha mateke yenyewe. Siku ya pili na ya tatu ndizo zilizomvunja: kuhara, kutapika, mifupa inauma, mtu mzima analia akimwita mama yake. Nilimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Usiku wa tatu nikapitiwa na usingizi. Nilipoamka hayupo, na mtungi wa gesi haupo. Mtungi nilishausamehe. Ule usingizi mpaka leo najilaumu.

Pale soba kuna muuguzi, na wenzake wanamkesha mgeni kwa zamu. Waliniambia pia, na hili ndugu wengi hatulijui, kwamba mlevi wa pombe wa kila siku wanamtanguliza hospitali, kwani akikatisha ghafla anaweza kupata degedege na kufa.

Niliuliza bila haya kama wanafunga watu minyororo. Nyumba ya kwanza tuliyompeleka, mwaka 2021, alikaa siku 19 akatoroka na makovu ya pingu miguuni. Hapa wakanionyesha mlango. Una komeo la kawaida. Mtu akitaka kuondoka wanamkalisha chini waongee naye, akikataa wanawapigia ndugu. Mama mkwe anasema nyumba isiyo na kufuli ni kutupa pesa. Mimi ndipo nilipowaamini.

Mengine ni ratiba: kuamka alfajiri, usafi, kupika kwa zamu, vikundi vya kuzungumza, masomo ya hatua 12 za kuacha, jioni mkutano wa NA, kikundi cha walioacha dawa za kulevya. Wiki 3 za mwanzo hakuna simu. Kumtembelea ni baada ya mwezi. Ada nimeipata, nimepokea mchezo.

Sasa anti, kinachoninyima usingizi ni siku atakayotoka.

Mdogo wake, shemeji yangu, alitoka soba mwaka 2022. Amenenepa, anacheka, anawabeba watoto mabegani. Tukachinja kuku. Siku ya nne alikutwa kwenye choo cha jirani amefariki. Ukoo ukasema karogwa. Aliyenielewesha ni nesi mmoja wa kliniki ya methadone, dawa ya kunywa wanayopewa watu badala ya unga. Alisema mtu akikaa miezi bila unga, mwili hauwezi tena kubeba kipimo alichokuwa anatumia zamani. Akirudi kwa kipimo kilekile, pumzi inazimika. Hakuna aliyetuambia hayo siku ya kumchukua shemeji, wala yeye sijui kama aliambiwa. Tungejua, tusingemwacha hata saa moja peke yake.

Na mume wangu atarudi wapi? Kutoka mlangoni kwetu hadi maskani ya mateja nimehesabu hatua 60. Gereji analipwa kila siku pesa mkononi. Wauzaji wanamjua kwa jina na wanamkopesha. Dada yangu yupo Kibaha, ametupa chumba, ila nikihama napoteza wateja wa supu, na supu ndiyo inayolipa ada. Wapo wanaobaki palepale soba kusaidia wageni hata baada ya muda wao kwisha, nami natamani abaki, lakini nitamwambiaje mtu anayehesabu siku za kurudi kwa wanawe?

Jambo jingine ni methadone. Hapa nchini imeanza Muhimbili mwaka 2011, na Temeke, karibu na sisi, ipo. Haina malipo, anakunywa kila siku mbele ya mhudumu. Nesi aliniambia nisiione kama njia ya walioshindwa. Nimewaona wanaoitumia wanakunywa dawa yao asubuhi, wanakwenda kazini, wanalea. Mama mkwe anasema ni kubadilisha unga kwa unga wa serikali. Mume wangu naye anataka aache kila kitu, na soba hii haipokei mtu aliye kwenye methadone. Sijui nimshawishi kabla ya Jumatatu, au niinyamazie niiweke kama mlango wa pili ikiwa atateleza. Naogopa nikiitaja sasa ataona sina imani naye. Nisipoitaja, nakumbuka shemeji.

Halafu Nasri, ana miaka 7. Nimemwambia baba anasafiri kikazi. Akaniuliza, "Anakwenda kutapika huko?" Sikuwa na jibu. Shuleni wameshamwita mtoto wa teja, hivyo najua anajua kitu.

Naomba aliyewahi kukaa soba, au mke aliyebaki nyumbani, anijibu. Wiki za mwanzo baada ya kutoka mlilala wapi, nani alishika pesa zenu, na neno gani la mkeo lilikusaidia au kukusukuma kurudi maskani? Mtoto tumwambie nini? Jibu hata likiwa kali nitalipokea.

Begi nimeshalipanga: shuka mbili, kandambili, kanzu, sabuni ya mche. Dawa ya meno nimenunua mpya, sijaifungua, waifungue wao.

Mama Nasri,
Tandika