Kabla hujauliza bei ya mtambo, hesabu ndoo

Simu nyingi tunazopokea huanza hivi: "Fundi, mtambo wa majitaka wa mtaa mzima unauzwaje?" Anayepiga mara nyingi ni mjumbe, au mwenye nyumba za kupangisha aliyechoka kuona majirani wakitapisha vyoo kila masika. Nasi tunamrudishia swali: mnatumia ndoo ngapi kwa siku?

Hatumkwepi. Chukua mtaa wa kaya 100 za watu watano watano, jumla watu 500. Maji wanayapata kwenye bomba la uani, vyoo ni vya kumwaga kwa kopo. Tuseme kila mtu anatumia lita 50 kwa siku, ndoo mbili na nusu. Takriban asilimia 80 hurudi kama majitaka, yaani lita 40 kwa kila mtu na lita 20,000 kwa mtaa mzima.

Sasa uchafu wenyewe. Wahandisi huupima kwa kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu vinahitaji ili kuuozesha, na kwa maisha ya huku kwetu tunakadiria gramu 40 kwa mtu kwa siku. Gramu 40 ndani ya lita 40 ni miligramu 1,000 katika kila lita. Ulaya mtu mmoja humwaga maji mara tatu au nne ya hayo, kwa hiyo majitaka yake yamezimuliwa tayari kabla hayajafika mtamboni. Ya kwetu ni machache lakini ni makali. Mashine iliyopangiwa majitaka mepesi ukiifunga Manzese, utakuwa umenunua kitu kidogo kwa bei kubwa.

Shule moja ya bweni iliwahi kutuita kuangalia mtambo wa namna hiyo. Ulikuwa mzuri kwa macho, una mota ya kupuliza hewa ili vijidudu vipumue. Luku ilikuwa ikiisha Ijumaa na mhasibu anarudi Jumatatu. Vijidudu vya hewa havisubiri mhasibu. Tulipofika, lile tangi lilikuwa karo la kawaida, ila la gharama.

Ndiyo maana sisi tunajenga mitambo isiyo na mota kila eneo linaporuhusu. Maji yashuke kwa mteremko, na kazi ifanywe na vijidudu visivyohitaji hewa. Kwanza kuna karo la kutuliza, ambalo huacha mchanga na mazito chini. Mchanga ni mwingi kuliko watu wanavyodhani, maana sufuria zinasuguliwa kwa mchanga na maji yake yanaishia humo humo. Baada ya hapo ndipo penye moyo wa mtambo: tangi refu la zege lililogawanywa vyumba. Katika kila chumba maji huteremshwa hadi chini, kisha hupanda taratibu yakipenya kwenye tope lililojaa vijidudu. Yakipanda kwa kasi yanalibeba tope lenyewe, na kazi imeharibika. Kwa hiyo tunataka yasizidi mita moja kwa saa. Majitaka ya siku hayaji sawasawa, yanakuja kwa wingi asubuhi na jioni, kwa hiyo zile lita 20,000 tunazihesabu kana kwamba zote zinafika ndani ya saa 10. Hizo ni mita za ujazo 2 kila saa, na maana yake ni kwamba sakafu ya kila chumba isipungue mita 2 za mraba. Hesabu hiyo hata fundi wako anaweza kuikagua, na tunaomba aikague.

Hapo uchafu umepungua sana, lakini bado. Kanuni za Tanzania za mwaka 2007 zinataka maji yanayomwagwa mtoni yasizidi miligramu 30 kwa lita, kwa kipimo kile kile cha oksijeni. Tangi peke yake halifiki huko, kwa hiyo tunaongeza kitanda cha kokoto kilichopandwa matete. Maji hutembea ndani ya kokoto, chini ya uso wake, mbu hawapati pa kutagia. Kinachosumbua ni ardhi. Kitanda hicho hudai karibu mita moja ya mraba kwa mtu, yaani kwa mtaa wetu kiwanja cha mita 20 kwa 25. Mijini kiwanja hicho kinaweza kuwa ghali kuliko zege lote. Penye nafasi kubwa mabwawa ni bora zaidi kwa kuua vimelea, kwa sababu jua na muda ni bure. Moshi wana mabwawa, na kule Mabogini maji yake yanamwagilia mpunga. Lakini maji yaliyotoka kwenye matete usiyamwagie mchicha wala kachumbari. Mpe mgomba.

Mabomba nayo yana bei yake. Kwenye vichochoro visivyopitisha magari tunalaza bomba la inchi 4 juujuu, kwa mteremko wa mita 1 katika kila mita 200, badala ya kuchimba mitaro mirefu ya barabara kuu. Kila mama lishe awekewe mtego wa mafuta, na pampasi ziende kwenye taka. Jiki ya kusuuzia sakafu haina neno. Ya kumwaga chupa nzima chooni inaua wafanyakazi wetu, yaani vile vijidudu.

Kinachoua mitambo hii, kwa tuliyoyaona, si ubunifu mbaya. Ni tope kutonyonywa. Kila miaka miwili au mitatu gari la majitaka lazima lifike, kwa hiyo mchango wa kila kaya uanze kukusanywa mwezi wa kwanza, na tangi lijengwe mahali ambapo mpira wa gari unafika. Wasipokubaliana hilo kwenye mkutano wa mtaa, tunawashauri wasubiri kwanza. Tumeshapoteza kazi kwa ushauri huo.

Kuna vibali pia, cha mazingira na cha kumwaga maji. Kwa Dar es Salaam hicho cha pili hutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Vianze mapema.

Ukija ofisini, njoo na idadi ya watu, ndoo zao, na jambo moja la ziada. Mwezi wa nne, mvua ikiwa imekolea, chimba shimo la mita mbili pale mnapotaka tangi likae, kisha lipime kesho yake asubuhi. Maji yakiwa yamepanda karibu na uso wa ardhi, tutalazimika kulitia tangi uzito wa ziada, kwa sababu tangi tupu kwenye ardhi iliyojaa maji huelea kama ngalawa.