Puto usipande

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu mama yako akiwa pembeni. Umefika Misri kwa jasho lako mwenyewe, na wazee wote wa msikitini nimeshawaambia. Ila ulivyolitaja lile puto la kupandisha watalii angani huko Luxor, harakaharaka, ukarukia habari za chakula, nikajua umeshalipa. Wewe na kaka yako mnaniambia mambo yakishakwisha.

Februari 2013 puto lilishika moto hapohapo Luxor, asubuhi, likiwa linatua. Walikufa watalii 19. Siku ile niliisoma habari hiyo ofisini, nikakumbuka zamani nilipofika huko, nilivyokuwa nikiyatazama maputo yakipaa ng'ambo ya Nile. Usipande.

Amka mapema hivyohivyo, lakini uende hekalu la Karnak. Kwenye ukumbi wa nguzo 134 watu hukwama kwenye zile 12 za katikati, zenye urefu wa mita 21. Wewe angalia kuta. Upande wa kaskazini Farao Seti wa Kwanza alichongesha picha zinazotokeza juu ya jiwe. Kusini mwanawe, Ramesses wa Pili, akazichimbia ndani. Jua la asubuhi likipiga kwa ubavu, michoro ile ya mtoto hujaa kivuli cheusi kama wino. Halafu inua macho, tazama chini ya mawe yaliyolala juu ya nguzo: rangi ingalipo, buluu na nyekundu, baada ya miaka zaidi ya 3,200. Nilisimama pale mpaka shingo ikauma. Mlinzi akikuita akuoneshe kitu, mpe bakshishi. Beba maji lita mbili, na kofia.

Ile njia ya sfinksi, sanamu zenye mwili wa simba, ya kwenda hekalu la Luxor, karibu kilomita 3, enzi zangu sehemu kubwa ilikuwa bado imefukiwa. Waliifungua 2021. Itembee yote, unitumie picha. Miguu haianguki kutoka angani.

Nauli yangu ya treni kutoka Cairo ilitoka kwenye posho ya kozi, na mama yako alikuwa anaisubiri posho ile kwa ada yako. Zile wiki mbili ulizokaa nyumbani, basi ndiyo sababu. Kwa hiyo siwezi kukusema kuhusu matumizi. Nasema puto tu.

Bati la jikoni limeng'olewa na upepo, fundi anakuja Jumamosi. Mtungi wa gesi uliotununulia, mama yako bado anauogopa, anapikia mkaa. Mbuzi wako kazaa mapacha, jike na dume.

Kama hela ya puto hawarudishi, niambie ni kiasi gani. Yule beberu mkubwa ana mteja tayari. Nijibu leo, kabla hujalala.

Baba yako